Gari Lililomnyima Mzee Guled Lango

Nitasema ukweli wangu mapema: nalipenda gari la Bisharo kuliko inavyofaa kupenda mali ya jirani. Ni gari dogo la familia, la umeme, limeinuka vya kutosha lisikwaruzwe na mawe ya huku Nanyuki, na ndani limetengenezwa na mtu aliyejua maana ya kuumwa mgongo. Viti vyake hupashwa joto. Paa ni kioo kitupu, ukiegemea unaona anga lote la asubuhi. Watu wa mtaa wetu wanaliita friji kwa sababu linachomekwa ukutani. Waache waite. Wao wanakwenda kwa miguu.

Mimi ni Nasirumbi, mwalimu kutoka Kimilili, na Bisharo hunibeba kila siku pamoja na watoto wake wawili, kwenda shuleni na kurudi. Yeye anauza ng'ombe. Sokoni huwapapasa mafahali mbele ya wanaume waliokulia huko, anataja bei yake mara moja, kisha ananyamaza. Wanaume hupayuka weee, mwisho wanakuja palepale aliposema. Tangu mumewe afariki amelea watoto na kumtunza baba yake, na sijawahi kumsikia akitafuta huruma ya mtu.

Zamani alikuwa na pikapu ya dizeli yenye kikohozi. Baba yake, Mzee Guled, alisafirisha mifugo kwa malori hadi macho yakamwishia, lakini masikio yakabaki kazini. Alikaa kwenye kiti chake ndani ya lango. Pikapu ikifika kona ya poshomili, pale kwenye kinu cha unga, aliinuka, akapapasa komeo, na lango likafunguka sawasawa pua ya gari inapofika. Bisharo hakugusa breki hata siku moja. Mara ya kwanza nilipopanda nilipiga kelele, nikijua tumekwisha. Alinicheka hadi akatokwa machozi.

"Tulia, mwalimu," alisema. "Baba ako kazini."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mzee, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata Wakonyo anayewasaidia kazi za nyumbani.

Kisha pikapu ikauzwa, likaja gari jipya. Jioni ya kwanza tulifika langoni, tukasimama, lango likakaa limefungwa. Mzee alikuwa palepale kwenye kiti chake, hajasikia kitu. Bisharo akapiga honi. Mzee alishtuka, akaruka, akagonga paji la uso kwenye chuma. Wakonyo alikuja mbio kufungua. Bisharo alitaka kumfuta baba yake damu, naye akausukuma mkono wake.

Kesho yake kiti kilihamia nyuma ya nyumba, karibu na jikoni. Redio yake ikazimwa. Chakula kikawa kinarudi nusu. Bisharo alimbembeleza kwamba atapiga honi polepole, na mzee akamjibu kwa Kiswahili badala ya Kisomali chao, makusudi, ili na mimi nisikie.

"Honi ni ya wageni. Mtoto wa hii nyumba hapigi honi kwa lango yao."

"Basi nikupigie simu nikifika kona?"

"Nipigiwe simu kama watchman?"

Gari lenyewe hutoa kijisauti cha kuwaonya watu likienda polepole, lakini ni cha mbu. Mzee alikisikia likiwa limeshafika, na lango lile ni zito, halifunguki kwa haraka.

Siku moja tukirudi kutoka shule Bisharo akasema, "Mwalimu, nauza hii gari. Jana usiku nimeongea kwa simu na mtu wa Karatina, anakuja Jumamosi kuiangalia."

"Uuze? Kwa sababu ya lango?"

"Gari nitapata ingine. Baba niko na huyu tu."

Nilimkasirikia mzee, siwezi kuficha. Gari zuri hivi, na mtu mzima anasusa! Nikageukia dirishani nisije nikasema neno. Tulikuwa tukipita mahali barabara inapotengenezwa, na magurudumu yakaingia kwenye kokoto. Zikasagika chini yetu kwa mlio mkubwa, mzito. Bisharo alisimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Watoto wakauliza kama kuna kitu kimeanguka.

"Hii gari ni nzito," alisema taratibu. "Betri imejaa huko chini yote."

Ijumaa lori lilimwaga kokoto kwenye kona ya poshomili. Bisharo alivaa gambuti chini ya gauni lake la dira, akashika sepetu, akazitandaza pamoja na vibarua hadi langoni. Watu wa boda boda walilalamika. Aliwasikiliza wote, akaendelea kutandaza. Baba yake mwenyewe Bisharo hakumweleza chochote, ila alimwomba Wakonyo arudishe kiti mahali pake na amsihi mzee akae.

Jioni tulikata kona. Kokoto zikaanza kulia. Lango halikutikisika. Tulifika, tukasimama, ndipo likafunguka upande mmoja, na mzee akatokeza kichwa, anahema.

"Bisharo?"

"Ni mimi, Aabo."

"Rudi kona. Hiyo ilikuwa ya kujifunza."

Tukarudi hadi poshomili. Bisharo alikaza mikono kwenye usukani, akakanyaga, na lile gari likaondoka jinsi linavyoondoka, bila kunguruma, kokoto zikisagika chini yake. Lango lilikuwa limefungwa. Nilimtazama mguu wake, hakuuinua. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua tulikuwa uani, na Mzee Guled alikuwa akirudisha komeo nyuma yetu. Alikuja akipapasa ubavu wa gari hadi mbele, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo kidogo.

"Hata haina joto," alisema. "Na mwalimu amekaa kushoto, naskia ameilemea."

Nilicheka, nikaona Bisharo hacheki. Alikuwa ameuficha uso kwenye usukani.

"Bisharo," mzee akaita, akitafuta njia ya kurudi kwenye kiti chake. "Huyo mtu wa Karatina, mwambie asikuje."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mtu wa Karatina.