Viganja vya Mable

Elsie wa Sagalla hakujua kusoma wala kuandika, na mumewe Noah naye alikuwa vivyo hivyo. Sasa niambieni, watu wawili wa namna hiyo, mmoja Voi, mwingine anapiga nyundo kwenye reli kule Nakuru, watapelekeana habari vipi? Katekista wa kuandikia watu barua alikuwepo, lakini huyo kila alichoambiwa kilifika sokoni kabla hakijafika posta. Kwa hiyo Elsie alimpa kazi moja tu: aandike anwani kwenye bahasha kumi na mbili, za mwaka mzima, basi.

Barua zenyewe alizitengeneza na binti yake Mable, mtoto wa miaka miwili asiyejua kukaa kitako. Walikwangua masizi ya sufuria wakayakoroga na mafuta ya mbarika kwenye kifuniko cha mkebe. Rangi ya pili ilikuwa udongo mwekundu wa hapo hapo mlangoni, na uji mwepesi wa kuushikisha. Elsie alikata kiazi nusu, akachonga mbuzi kwa kisu. Mbuzi akizaa, Mable anagonga mbuzi wawili. Bamia iliyokatwa ilitoa nyota, na nyota maana yake mahindi ya Sagalla yamekubali. Alama za vidole zilikuwa mvua. Mvua ya kwetu mnaijua, miezi mingine Mable aligonga kidole kimoja tu. Mwishoni, pale chini kwenye karatasi ya kufungia sukari waliyoigeuza barua, kiganja kizima.

"Gonga, mama, baba aone umekua!"

Mable anagonga, anacheka, anagonga ukuta, anagonga na leso ya mama yake. Elsie anafoka huku mbavu hana. Hakuwahi kuwa na furaha kama ya hizo alasiri, na hakuipata tena.

Mwaka wa hamsini na nne, baada ya Pasaka, surua ikaingia Voi. Mable alishikwa na homa Alhamisi. Elsie akasema ni meno, akamkanda kwa maji. Jumamosi ndipo alipombeba hospitali. Jumatatu wakamzika Sagalla.

"Umemwandikia Noah?" mama mkwe akamuuliza.

"Nimemwandikia, mama."

Uongo mtupu! Alikuwa amekaa na kiazi na kisu tangu asubuhi. Jamani, mtu achonge nini? Na hilo silo lililomkaba hasa. Noah alipokuwa akipanda treni alimwambia: "Mtoto akipata joto tu, hospitali siku hiyo hiyo." Yeye alikaa siku mbili. Noah akijua msiba atauliza homa ilianza lini, na akishauliza hivyo, Elsie atajibu nini?

Mwisho wa mwezi alimwita Nthambi, binti ya jirani yake Wayua, aliyelingana na Mable kwa kimo. Wayua akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mama Mable, huu si mchezo tena. Akija utamwambia nini?"

"Nitajua hapo hapo."

Akauchovya mkono wa Nthambi, akaugonga. Miezi saba akafanya hivyo.

Novemba Noah alikuja likizo, saa za mchana. Akaweka mzigo wake kitandani. Hakuuliza mtoto yuko wapi.

"Baba Mable," Elsie akaanza, "kuna jambo..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Tangu ile karatasi ya Aprili. Mable hakuwahi kutoa kiganja safi, alikuwa anakiburuza. Huyu mwingine anatulia." Noah akaketi. "Nikaona, maadamu zinaendelea kuja, pengine nimekosea. Sikutaka kuuliza."

Elsie alipandwa na hasira. "Miezi saba! Mimi huku nachovya mkono wa mtoto wa watu, nameza machozi ili usiumie, kumbe unajua! Hukuweza hata wewe kugonga kidole kwenye karatasi ukaniletea? Kidole kimoja, Baba Mable!"

"Na wewe ulinificha kwa nini?" Noah akauliza taratibu. "Mimi ni wa kuogopwa?"

Swali lilikuwa la upole, na upole huo ndio uliomponza. Elsie aliona ni heri autue mzigo wote mara moja.

"Nilichelewa. Homa ilianza Alhamisi, mimi nikadhani ni meno. Nilimpeleka Jumamosi."

Akangoja. Alitaka neno moja tu, aambiwe surua haina mwenyewe, aambiwe hata yeye Noah angedhani ni meno. Nje Nthambi alikuwa akimwita mama yake.

"Siku mbili?" Noah akasema. Akainuka kitandani. "Siku mbili, Elsie?"

Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. Likizo ile yote alimwita hivyo, na za miaka iliyofuata pia.