Ijumaa ya Kuosha Radieta

Enzi zetu pale Lambwe, Ijumaa tuliosha vitu viwili: watoto na radieta. Nyinyi wenzangu wenye mvi mliolelewa kwa Sabato mnanielewa. Jua likishagusa milima ya Gwassi Sabato imeingia, hakuna kushika spana, jembe wala sufuria, kwa hivyo mchana kutwa boma letu lilinuka samaki wa kukaanga, makaa ya pasi na maji ya kutu.

Baba alikuwa na pikapu ya kubeba samaki kutoka Sindo hadi Homa Bay, na aliiheshimu kuliko alivyowaheshimu mashemeji zake. Hakufungua kifuniko cha radieta injini ikiwa moto, hata umwite nani. "Ngojeni ipoe," alituambia, "uso hauna spea." Ikipoa, alilala chini na kufungua koki, maji yakatoka mekundu kama chai iliyochemka kutwa. Akafunga, akajaza maji safi, akawasha injini ingurume mpaka paipu ya juu ishike joto. Akazima, tukangoja ipoe, akamwaga tena. Mara tatu, mara nne, mpaka yatoke maji ambayo ungempa mgeni anywe.

Sisi wasichana tulileta maji ya mvua kutoka kwenye pipa, maana maji ya kisima chetu yana chumvi, yanavalisha birika gamba jeupe, na radieta nayo ni birika tu lenye magurudumu. Mimi nilipewa kazi tamu kuliko zote: kubinyabinya ile paipu ya mpira wakati baba akijaza polepole, kifuniko kikiwa wazi, mpaka hewa itoke blub, blub, kama mtoto anayecheua. Hewa ikibaki ndani, alisema, injini inadhani imeshiba kumbe tumbo ni tupu.

Siwadanganyi kwamba hakukosea. Kuna siku radieta ilivuja, akaziba kwa unga wa muhogo. Pikapu ilinuka ugali hadi Homa Bay, na mbwa wa njiani waliifuata kwa heshima. Lakini kwa jua hakukosea. Likigusa mlima, spana chini, hata kama kazi imebaki nusu. Mwaka mmoja tulikwenda makambi ya kanisa kwa miguu, viatu mkononi, kwa sababu ya koki moja ambayo haikuwahi kukazwa.

Sasa njooni muone wajukuu. Brayo wangu, anayeniita Dana, yaani nyanya, ana digrii, ana ndevu za kupaka mafuta, ana kagari ka Kijapani kanakoongea kakifunguliwa mlango. Ijumaa iliyopita alikuja kutoka Nairobi ili asubuhi ya Sabato anipeleke Sindo. Ndugu yangu Okeyo, ambaye nimemwombea miaka arobaini huku yeye akiiombea chang'aa, hatimaye alikubali kubatizwa ziwani. Aliniambia kwa simu, "Nyaminwa, dada yangu, usipokuwepo mimi siingii majini." Na Okeyo namjua. Akighairi mara moja, nitamzika hivyo hivyo.

Brayo akasema gari ilikuwa ikichemka njiani, ataosha radieta mwenyewe. Akaegemeza simu kwenye kioo, mzungu fulani akawa anamfundisha. Alimwaga maji ya zamani mara moja tu, akamimina kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini, haraka haraka kama anayezima moto, akafunga.

"Umetoa hewa?" nikamuuliza.

"Dana, hii si pikapu ya mkoloni. Inajitoa yenyewe."

"Na wewe ulijitoa mwenyewe, au mama yako alisukuma?"

Akacheka, akawasha. Hakufika kwa geti. Mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka, na msomi wangu akakimbilia kifuniko kwa mkono mtupu! Nilimchapa kwa mwiko wa ugali kwenye vidole. Tukakaa tukingoja ipoe, mimi nikitazama gari, nikitazama jua. Jua halikungoja kitu.

Ilipopoa akaja na ndoo ya maji ya kisima aongezee. Nikaimwaga yote kwenye sukuma wiki, nikamtuma kwenye tangi la mvua. Nikamwambia asogeze gari mpaka pua yake ielekee juu ya mteremko, nikajifunga leso, nikaingiza mikono yangu hii ya miaka sabini na sita, nikashika paipu. "Mimina. Polepole, nyakwara, mjukuu wangu, si bia hiyo." Blub. Akaacha mdomo wazi. Blub, blub. Kulanti ikashuka, akaongeza, ikashuka tena. Jagi mbili nzima zilipotea mle ndani alimodai mmejaa.

"Dana," akasema, "jua linagusa mlima."

"Mimina," nikasema.

Sikugeuka kuangalia. Nilibinya mpaka bubujiko la mwisho likatoka, nikafunga kifuniko mwenyewe, nikanawa, ndipo nikainua macho. Milima ilikuwa nyeusi. Jua lilizama saa ngapi? Mniulize mimi? Mimi nilikuwa nimeinama.

Kesho yake tulifika Sindo bila mshale kutikisika. Okeyo aliingia ziwani akitetemeka na suti yake, akatoka akikohoa na kulia, akanikumbatia na maji yote yale. Brayo alipiga picha, akawaambia watu jinsi alivyotengeneza gari kwa mikono yake. Nikamwachia.

Usiku ule kitandani nilimkumbuka baba. Yeye angeweka spana chini, na alfajiri tungetembea, na Okeyo angengoja au asingengoja. Siku zile palikuwa na mkubwa wa kuniambia "Inatosha, acha." Siku hizi bomani mkubwa ni mimi, na vijana hawa, hata nikikosea, wanamimina tu.