Msamaha Uliorekodiwa kwa Betri za Kuanika

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningefurahi kama ningekuwa nimeisahau. Ilikuwa siku ya gulio pale Sapiwi, jua kali, na mimi nimekaa kwenye kibaraza cha duka nimepakata redio kaseti yangu kama mama aliyepakata mtoto. Nilijiona. Wee, nilijiona kweli!

Tena sisemi kwamba kurekodi kwa vikorokoro ni kosa. Nawaona ninyi vijana wa Bariadi mnavyoingiza simu kwenye sufuria ili sauti ipate mwangwi, mnavyovisha soksi maiki ya hedifoni, mnavyopiga wimbo kwenye redio mbovu na kuurekodi upya ili upate mikwaruzo. Wajukuu wangu wanadhani nitawagombeza. Nitawagombezaje, na hayo tulianza sisi? Redio yangu nilikuwa naiweka mdomoni mwa mtungi mtupu, mwimbaji anasogea, sauti inatoka kama yuko kanisani. Upepo ukisumbua, nafunika maiki kwa kipande cha khanga ya mama. Betri zikichoka, naanika juu ya bati, zinapata nguvu kidogo, naendelea.

Hizo betri za kuanika ndizo zilizoniponza. Au niseme ukweli: niliponzwa na mdomo wangu unaopenda kucheka.

Alikuwepo mzee jirani yetu, Guku Ngassa. Guku ni babu, ndivyo tulivyomwita kwa heshima. Wakati wa kulima kwa pamoja yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na sauti yake nzito ilisikika shamba zima. Mzee huyu alikuwa amemfukuza mwanawe mkubwa, Maduhu, kwa ajili ya ng'ombe waliopotea malishoni. Alimwita mwizi mbele ya ukoo. Baadaye ng'ombe wakaonekana huko Meatu, wamejichanganya na kundi la ng'ombe wa watu wengine, lakini Maduhu alikuwa ameshakwenda machimboni na hataki kusikia habari za nyumbani.

Enzi hizo asiyejua kuandika alituma kaseti. Guku akaja kwetu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Nirekodie, nataka kusema na mwanangu." Basi akamwomba Maduhu msamaha. Mzee ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa! Alisema yote, kwamba ng'ombe wameonekana, kwamba alimwonea, kwamba arudi waonane angali hai. Mwishoni akalia. Mimi nilitazama chini, nikaona aibu kumwangalia.

Alipoondoka nikaijaribu kaseti kwa betri mpya. Kumbe zile za kuanika zilikuwa zikizidi kuchoka wakati mzee anaongea, mkanda ukawa unakwenda polepole zaidi na zaidi. Sasa kwa betri nzima mkanda ulikimbia. Sauti ilianza ya mzee, ikapanda, ikapanda, ikaishia kama ya kifaranga. Na pale anapolia ndipo palipochekesha kuliko pote. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Badala ya kumfuata na kumwambia, "Guku, imeharibika, turudie," nikaibeba nikaenda nayo gulioni. Mwanangu, hebu fikiria ujinga huo.

Vijana wenzangu walikuwa hoi kwa kicheko. "Rudisha! Rudisha hapo anapolia!" Nikarudisha. Sikumwona mzee amesimama nyuma yangu na chumvi yake mkononi. Wenzangu wakanyamaza mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilibaki nacheka peke yangu.

"Mwadila, guku," nikamwamkia, ile salamu yetu ya mchana.

Alinyoosha mkono nikampa kaseti.

"Kuyasema mara moja tu kulitaka kunishinda," akaniambia taratibu. "Sitayasema tena."

Kesho yake nilikwenda kwake, nikachuchumaa mbele yake na betri mpya mkononi, nikamsihi turudie. Alinipokea vizuri, akanipa na maziwa. Lakini kurekodi alikataa katakata. Wakati natoka nikaona mkanda wa ile kaseti umefungwa kwenye miti, unapepea juu ya mtama wake kufukuza ndege.

Guku alifariki kabla ya mtama ule kuvunwa. Maduhu alikuja kuzika. Watu walipopungua nikamvuta pembeni, nikamweleza neno kwa neno alichosema baba yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba yangu hawezi kusema hivyo," akasema. "Unanifariji tu. Asante, ndugu yangu."

Nikamwapia. Akanigusa bega, akanishukuru tena, akarudi machimboni. Anaamini mpaka leo kwamba baba yake alikufa akimwona mwizi. Kama angenidharau ningestahimili, mwanangu. Huyu alinishukuru!

Kwa hiyo chezea sauti utakavyo. Weka sufuria, weka soksi, tafuta mikwaruzo, chombo cha bei rahisi hakina kosa lolote. Lakini mtu akikupa sauti yake, yeye ndiye awe wa kwanza kuisikia. Kaa naye, mpigie yote, umuulize, "Huyu ni wewe?" Akisema siye, futa mrudie, hata kama hiyo iliyoharibika ndiyo tamu kwako. Na akilia, usiwarudishie watu hapo anapolia.

Haya, ng'wanone, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na kazi yako. Na siku utakapokuwa na neno zito la kumwambia mtoto wako, akujalie mtu atakayelifikisha likiwa kwa sauti yako mwenyewe.