Kiapo Mbele ya Mtani

Nimevuka miaka hamsini, nina shahada mbili, na mpaka juzijuzi sikuwa na karatasi hata moja inayosema kwamba nilizaliwa. Nimekata alama za wanafunzi wengi kwa kutotaja vyanzo vyao. Chanzo changu mwenyewe kilikuwa maneno ya mama, na mama tulishamzika. Nilipokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa, ofisi ikaniagiza nilete hati ya kiapo.

Tabora mjini mtu akiuliza wakili huelekezwa upande wa mahakama, na akifika huko huelekezwa kwenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi. Mlango wa kwanza niliogonga ulikuwa na kufuli. Mwenyewe alikuwa na kesi Nzega. Wa pili ulikuwa wazi, na juu yake kibao: Wakili, Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Umma. Ndani alikuwamo bwana mmoja mnene, mcheshi, shati limeloa mgongoni.

Nikamwambia nimekuja kuapa kwamba nilizaliwa.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwepo."

"Unakumbuka?"

"Niliambiwa na mama."

"Basi niletee mtu mzima anayekumbuka. Wewe huko ulikuwa unalia tu."

Aliyekumbuka alikuwa amebaki mmoja duniani: shangazi yangu wa Tura, dada yake baba, aliyemzalisha mama siku niliyozaliwa. Asipoapa yeye, hapana mwingine. Nikampigia simu, akapanda treni, akashuka kavaa kitenge cha kanisani na Biblia yake mwenyewe kaifunga ndani ya khanga, maana ya wakili hakuiamini. Njiani hakusema sana. Nadhani alikuwa anajipanga.

Hati ilikuwa imeshachapwa. Wakili alipoona jina la ukoo wetu akainua macho, uso umemchangamka.

"Kumbe Wanyamwezi! Mimi Mzaramo. Mmekuja kuapa au mmeleta mzigo?"

Hilo lilikuwa kosa lake. Utani wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo begani, na shangazi hajawahi kuuacha upite bila kuupokea.

"Mzigo tuliwaletea, mkaulalia," akasema huku akivuta kiti. "Sisi tunatembea miezi, ninyi mnapiga ngoma. Mtoto wa kike akivunja ungo mnauza mpaka mlango wa nyumba mpate kumcheza."

"Na ninyi mkaja kula pilau ya ngoma hiyohiyo mkasahau njia ya kurudi!"

"Tulisahau kwa huruma. Nani angewalimia?"

Wakacheka mpaka wakili akafuta machozi kwa faili la mtu. Mimi pia nilicheka, nikijiona nimepata wakili bora mkoa mzima. Kisha akasogeza hati mbele. "Haya bibi, simama uape."

Shangazi hakusimama.

"Siwezi kuapa mbele ya mtani."

Tukadhani anaendelea kutania. Hakuwa anatania.

"Nimekutukana hapa na hukukasirika. Kwa mtani mtu hasemi neno akashikwa nalo. Sasa nikikuapia wewe kuhusu huyu mtoto, nani atanishika?"

"Shangazi," nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "sheria haijui mambo ya utani."

"Basi haijakaa na watu. Nyamaza, baba."

Nikaanza kuona cheti changu kinayeyuka, na wa kumlaumu hayupo, kwa sababu aliyekuwa akikataa kuapa alikuwa anakiheshimu kiapo kuliko sisi wote mle ndani. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta muhuri tu.

Wakili akainuka, akachukua koti lake jeusi nyuma ya kiti, akatoka nje na kufunga mlango. Tukasikia hodi.

"Karibu," akasema shangazi, ndani ya ofisi ya mwenyewe.

Akaingia, koti limefungwa vifungo vyote na joto lile. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni wakili."

"Mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa mahakamani."

Shangazi akamkagua kuanzia viatu. Halafu akasimama, akafungua khanga, akashika Biblia. Karatasi ilimtaka aseme tu kwamba alikuwepo nilipozaliwa. Akasema hayo, kisha akaendelea: kwamba nilizaliwa shambani kando ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, moto wake ukiwa bado unawaka, kwamba mama alikataa kupiga kelele, kwamba mikono ya kwanza kunigusa ni hii hapa, akaiinua, kwamba baba yangu alipopewa habari alizunguka shamba zima mbio kama kichaa. Haya sikuwahi kuambiwa. Wakili hakumkatiza. Alisimama wima mpaka mwisho, jasho likimtiririka, ndipo shangazi akatia saini polepole, herufi moja moja, naye akagonga muhuri.

Muhuri ulipokauka akafungua koti. "Sasa Mnyamwezi, unisaidie kubeba meza hii mpaka Bagamoyo."

"Beba mwenyewe, una mgongo mpana na hauna kazi."

Nje kulikuwa na benchi la watu wanaosubiri zamu zao. Mimi nilitaka tuwahi ofisini na hati yetu. Shangazi akasimama mbele yao, watu asiowajua kabisa, akanishika mkono wa shati kama mtu anayeonyesha ng'ombe aliyemkuza mwenyewe.

"Huyu," akawaambia, "nimemwapia."

Mzee mmoja akampa hongera. Akaipokea. Nami, na shahada zangu mbili, nikasimama pale nikajiachia nionyeshwe.