Muthokoi Laini wa Mama

Daktari wa meno mjini Machakos alipomaliza kunipasua ufizi na kuushona, alinieleza kwamba mshono ukifunguka mapema, huenda jino likalegea hata kung'oka. Nile vyakula laini, visivyo moto.

Nyumbani Kalama nilimkuta mama ameinjika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, maana kwake mtu asipokula muthokoi hajala.

"Mwaitu, mama yangu, nipikie uji tu," nilimwomba.

"Uji ni wa watoto. Unataka kupona ama unataka kunyonya?"

Nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha nikatoa haragwe moja, nikalimenya, nikampa ganda alishike. Nikamweleza taratibu jinsi kitu chembamba hivyo kingejipenyeza kwenye mshono na kuleta usaha.

Aliligeuzageuza kidoleni. "Basi nipatie mwiko."

Aliuponda muthokoi pamoja na viazi na maziwa mpaka ukalainika kabisa, akausubiri upoe. Nikala polepole, upande usio na kidonda.

Nyuzi zilipotolewa, ufizi ulikuwa umeshikana vizuri. Mama alitaka kuona mwenyewe, akaniinua kidevu kuelekea dirishani, akalisukuma jino kwa kidole.

"Haliendi popote," akasema.