Herufi Kumi na Tatu za Njeri

Jumatano ya pili baada ya Pasaka nilimpoteza mke wangu, Njeri. Ninayoyaandika yalitokea baadaye, mchana, nikiwa mzima, sijanywa kitu ila chai. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi sina sababu ya kumsingizia marehemu.

Njeri alikuwa mwalimu wa chekechea. Mimi ni fundi wa kuchora mabango ya maduka, shule niliachia darasa la nane. Binti yetu, Wairimu, alikuwa anaanza kuandika, nami nilitaka ajifunze kwa mwandiko wa mama yake. Mwalimu aliyerithi darasa lile alinionyesha programu rahisi ya kutengeneza masomo ya kwenye simu: unaweka picha ya herufi, unaipitia kwa kipanya cha kompyuta, kisha skrini inaonyesha mkono ukiiandika kwa njia ileile uliyopita. Nikalipiga picha daftari la Njeri, nikaanza.

Umbo la herufi lilikuwa lake, mwendo haukuwa wake. Sisi wachora mabango huchora ukingo kwanza, kisha hujaza rangi. Basi mkono kwenye skrini ukawa unaizunguka a kama mtu anayetafuta mlango. Miaka tisa ya ndoa, na sikuwahi kutazama kalamu yake ilianzia wapi.

Jumamosi moja, saa nane, mlango wetu hapa kwenye ghorofa za mtaa wa Tassia ulikuwa wazi. Mwanamke nisiyemjua, mwenye beseni la nguo, alikuwa akipanda kwenda kuanika juu ya paa. Akasimama.

"Fundi, hiyo a unaijengea ukuta?"

"Ndivyo ninavyojua, mama."

"Na mtoto naye ajenge? Hebu sogea."

Akaketi, akashika kipanya kwa mkono wa kushoto. A, b, c. Daftari hakulitazama. Kila akimaliza herufi alipuliza skrini kidogo. Njeri alipuliza vivyo hivyo akisahihisha madaftari, naye pia alitumia kushoto. Uso haukuwa wake, niamini. Lakini ningefikiri nini?

Nilipaswa kunyamaza. Alipomaliza m, nikasema, "Njeri?"

Kompyuta ikazima. Kiti kitupu. Beseni halipo. Nikatoka mbio kwenye korido.

"Mama Achieng', stima imepotea!"

Jirani yangu akacheka. "Saa hii ndio unajua? Imepotea tangu saa tano. Wewe umekuwa ukitumia ya wapi?"

Kompyuta yangu ni ya mezani. Haina betri, bila umeme haiwaki.

"Na yule mwenye beseni amepita wapi?"

"Beseni gani, baba? Nimekaa hapa kwa ngazi nikichambua mboga za sukuma. Hakuna aliyepita."

Stima iliporudi jioni, a hadi m zilikuwemo, zikiandikwa kama mtu aandikavyo. N hadi z nimezirekebisha mwenyewe mara nyingi, zinasomeka, basi. Kila Jumamosi mimi huacha mlango wazi. Wanaopita ni wapangaji tu.

Kwa hiyo nisikilize: ukijiwa na mtu wa namna hiyo, usimwite jina. Mwache amalize kazi iliyomleta.

Jana Wairimu, ambaye sijamweleza lolote, alikaa na simu akilifuata somo na kuandika kwenye daftari lake. Alipofika m akaweka penseli chini.

"Endelea na n," nikamwambia.

"Hizi zingine ni zako, Baba," akasema, akarudi kwenye a.