Bi Tuanze Upya na Barua ya "Nimeacha"

Jina lake lote, kama wanafunzi wake walivyolirefusha mwaka hadi mwaka, ni Bi Tuanze Upya, binti wa Karani wa Mizani, mjukuu wa Mkunga Mkali. Baba yake ndiye aliyelirudisha kiwandani lori zima la saruji kwa sababu ya mifuko miwili iliyopungua, akapoteza rafiki na hakupoteza usingizi. Bibi yake alizalisha nusu ya mtaa wetu na akawagombeza wote, mama na mtoto, siku hiyohiyo. Yeye mwenyewe alikaa miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja cha chuo kikuu, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo cha wanaume, akiwa mshauri wa masomo. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu. Simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asije akaniona mnafiki huko mbele.

Mwaka nilioolewa alisema mbele ya wakwe zangu, "Kaka hajaoa mke, kaoa mdomo." Miaka arobaini na saba imepita. Nakumbuka hata vifungo vya gauni alilovaa.

Mimi nilidhani mshauri wa masomo ni mtu wa kuwakalisha watoto chini na kuwaambia someni, waheshimuni wakubwa. Kumbe siyo. Pale chuoni mwanafunzi hujichagulia masomo kila muhula, na masomo yana mpangilio wake. Hili lazima ulipite kabla ya lile, haya ni ya lazima, yale ya hiari, na yasipotimia yote arobaini huvai joho, hata uwe na akili za kutisha. Mtoto wa miaka kumi na tisa ayajulie wapi hayo? Anachagua somo kwa sababu rafiki yake yumo, au kwa sababu halina kipindi cha asubuhi. Mwaka wa mwisho anajikuta ana pengo, na mahafali yako mlangoni.

Wifi yangu alikuwa na dawa yake. Kila muhula, kila mwanafunzi wake, humpa karatasi nyeupe na kalamu. "Kompyuta iache. Niandikie masomo yote uliyofanya tangu siku ya kwanza, na uliyobakiza." Ukikosea moja anaichana karatasi mbele ya macho yako. "Tuanze upya." Vijana wenye ndevu walitoka mle wakifuta macho.

Mtoto wa fundi wa kuchomelea, jirani yetu, aliingia kumuaga. Anaacha chuo, hesabu zimemshinda mara mbili. Wifi hakumbembeleza.

"Umechukua masomo mangapi muhula huu?"

"Saba."

"Nani kakutuma saba?"

"Nilitaka nimalize haraka, mwalimu."

"Haya, si ndiyo unamaliza leo?"

Akamfutia matatu, akamtafutia mwalimu wa kumfundisha hesabu kila Jumanne, na Jumanne ikifika yeye mwenyewe alisimama kwenye korido kuhakikisha ameingia. Kijana yule sasa ni mhandisi. Akimwona wifi yangu barabarani anavuka upande wa pili.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Alipopata chuo nikaapa kwamba hatakanyaga ofisi ile. Wifi alimtumia ujumbe mara tatu, aje waangalie masomo yake. Mara zote tatu nilijibu mimi: hana nafasi. Akawa anajiandikisha mwenyewe, kwenye simu, akibonyeza bonyeza.

Mwaka wake wa pili nilianguka bafuni nikavunjika nyonga. Mtoto akakaa nami wiki saba, ananigeuza, ananiosha, ananilisha. Chuo kikataka barua ya kueleza kwa nini haonekani kwenye somo la takwimu. Barua nikaitunga mimi. Nilisoma hadi darasa la saba, lile la enzi zetu, na mtaani kwetu nimewaandikia watu barua za posa, za kuomba kazi na za kusutana, wala hakuna iliyowahi kurudi. Nikiwa nimelala chali, mguu juu ya mto, nikamtajia naye akaandika: "Kwa heshima na taadhima, nimeacha somo la takwimu muhula huu ili nimuuguze bibi yangu." Nimeacha. Neno fupi, la kila siku. Mtu huacha sufuria jikoni, akirudi anaikuta.

Mwaka uliofuata akarudi kwenye takwimu bila kujiandikisha upya, akijua nafasi yake ipo. Mwalimu hakuuliza, maana jina lake lilikuwamo kwenye daftari lake la zamani. Akafanya mtihani, akapata sabini na moja, nami nikajipiga kifua kwa majirani.

Wiki tano kabla ya mahafali, wifi akamwita tena, na safari hii mtoto akaenda bila kuniambia. Alirudi uso umemshuka. Ana masomo thelathini na tisa. Takwimu haimo. Na takwimu hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ni kusubiri mwaka mzima, na ile kazi ya maabara aliyokwisha ahidiwa haimsubiri mtu asiye na cheti.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua mkongojo wangu nikaenda kumpa wifi vidonge vyake.

Kwenye korido kulikuwa na wanafunzi wamejipanga ukutani. Nikawapita.

"Bibi, kuna foleni," akasema msichana mmoja.

"Foleni nilianza kupanga kabla mama yako hajazaliwa. Nipishe."

Ndani nikamkuta mjukuu wangu amekaa pembeni, na wifi mezani, mgongo umenyooka kama ameumeza ufagio.

"Shikamoo, wifi," akasema, bila kuinuka.

"Marahaba. Umekosa wa kumkomoa mpaka umkomoe mjukuu wa kaka yako?"

"Kaa kwanza, na nyonga hiyo."

"Nyonga yangu haikuhusu."

"Inanihusu. Imo kwenye faili."

Akaisukuma ile barua hadi mbele yangu. "Haya maneno ni ya nani?"

"Yangu," akasema mjukuu wangu haraka.

"Wewe nyamaza. 'Kwa heshima na taadhima'! Wewe 'sawa' unaiandika kwa herufi mbili." Akanigeukia. "Wifi, ofisini kuacha somo ni kulifuta. Hujalisoma, hulidai, halikudai. Angeandika 'nimeahirisha' lingemsubiri. Sasa kafanya mtihani wa somo lisilomtambua, na alama sabini na moja hazina pa kukaa."

"Si ubadilishe? Neno moja tu."

"Sibadilishi barua ya mtu. Ningekuwa nabadilisha barua, chuo hiki kingekuwa kinahitimisha mbuzi."

"Huna huruma hata chembe."

"Sina. Nina kamati ya mitihani, inakaa Alhamisi." Akaanza kupanga karatasi mezani. "Hii ni sahihi ya mwalimu wa takwimu, kwamba alihudhuria vipindi vyote. Hiki ni cheti cha hospitali, nilikifuata mwenyewe juzi. Kimebaki kitu kimoja. Kamati itasema huyu aliliacha somo makusudi, alipoona majaribio yanamshinda, kisha akarudi kwa mlango wa nyuma. Nataka maelezo ya aliyeitunga barua, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba hakujua maana ya neno alilolitumia."

"Nisijue maana ya kuacha? Mimi?"

"Wewe."

"Kiswahili unanifundisha wewe, uliyekuwa unaniletea barua zako kwa wachumba nikusahihishie?"

Huko nje kuna mtu alicheka. Wifi hakupepesa jicho. "Andika. Au nenda nyumbani, mtoto akae mwaka mwingine."

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameinamia viatu vyake, na najua kabisa kwamba angekaa huo mwaka mzima asinitaje. Nikavuta kalamu.

Nikaandika kwamba ofisi inayageuza maneno ya watu. Wifi akasoma, akachana. "Tuanze upya."

Nikaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu ya homa na maumivu. Akachana. "Homa haikutaja neno. Tuanze upya."

Mara ya tatu niliandika: "Barua ile niliitunga mimi, bibi yake. Nilidhani kuacha ni kuweka kando ili urudi baadaye. Sikujua maana yake ya ofisini. Na mshauri alipomwita mjukuu wangu mara tatu, mimi ndiye niliyemzuia." Hilo la mwisho sikuombwa.

Akasoma mara mbili. Akapiga muhuri, akaitia kwenye faili, akaita kuelekea mlangoni, "Anayefuata!" Hakusema ahsante, nami sikuaga.

Alhamisi kamati ilikaa. Mjukuu wangu aliambiwa na karani kwamba wifi alisimama mbele yao saa nzima na nusu, wakimuuliza yeye akiwasomea, wakimpinga akirudia kusoma, hadi mwenyekiti akaomba maji. Alama zikatambuliwa. Masomo yakawa arobaini.

Ijumaa nilimsindikiza mtoto kwenda kushukuru. Kushukuru atashukuru yeye, mimi nilikwenda kusimama. Tukakuta makabati yameachwa wazi na maboksi sakafuni, maana mwisho wa mwezi wifi alikuwa anastaafu. Mtoto akaanza, "Bibi, sijui niseme nini..."

"Hapa hakuna bibi. Na kama hujui la kusema, shika hizi."

Akamtwisha bahasha nene mikononi. Zilikuwa barua. Baada ya kuiona yetu, alikuwa amerudi kwenye makabati akapekua za miaka minne. Barua kumi na moja, miandiko kumi na moja, zote zimeandikwa "nimeacha". Mmoja alikuwa amejifungua. Mmoja alifiwa na baba. Kila mmoja alipoambiwa somo lake halipo, alikwenda nyumbani akidhani chuo kimemkataa, na hakuna aliyerudi kuuliza.

"Mtoto amechoka," nikasema. "Mwache apumzike hata wiki moja."

"Nimwache au nimwahirishe?"

Nilimkata jicho. Alikuwa ameshanipa mgongo, anafunga boksi kwa kamba.

"Atakayekalia kiti hiki baada yangu anaanza kwa kuzichoma karatasi za zamani, namjua," akamwambia mjukuu wangu. "Mahafali yako yana wiki nne. Kabla hujavaa hilo joho, nataka hawa kumi na mmoja uwe umewapata, kila mmoja amekuandikia kwa mkono wake ni kitu gani kilimpata, na karatasi hizo uwe umezifikisha kwa mwenyekiti wa kamati wewe mwenyewe, ili nao warudishiwe masomo yao. Usimpe karani."

"Wote, mwalimu?"

"Wawili wanakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Anza na hao, leo, kabla watu hawajatoka kazini wakayajaza mabasi."